Chumba cha Shosho Kwenye Ukingo wa Shimo

Tingatinga lilipoingia kwa jirani yetu pale Gatongora, mimi ndiye niliyefurahi kuliko watu wote. Ploti yake iko upande wa chini wa yetu, na kwa miaka mingi haikuwa na kitu ila mahindi, migomba michache na mbwa mmoja aliyekuwa akitubwekea sisi badala ya wezi. Sasa mwenyewe alikuwa ameamua kujenga ghorofa ya kupangisha. Ghorofa ina madirisha, na dirisha lisilo na pazia ni aibu kwa mtaa mzima. Mimi hushona mapazia. Duka langu liko Ruiru mjini, karibu na soko, na kila jengo jipya nalitazama kwa jicho hilo hilo. Nilisimama nyuma ya nyumba asubuhi ile, tingatinga likiwa hata halijazama futi moja, nikaanza kuchagua rangi.

Jirani mwenyewe ni mzee mstaafu kutoka magharibi. Alifanya kazi kiwandani Thika mpaka alipostaafu, na ile ploti aliinunua wakati Gatongora bado ilikuwa na mibuni mingi kuliko milango. Ni mtu mrefu, mpole, anayezungumza polepole kama anayesoma matangazo kanisani. Kwa miaka yote tuliyokaa ubavu kwa ubavu sikuwa nimewahi kugombana naye, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo. Mume wangu husema naweza kugombana na redio ikiwa imezimwa.

Nyuma ya nyumba yetu, kwenye kona ya mpaka kabisa, kuna chumba kimoja cha mawe. Hicho ni cha mama mkwe wangu. Mimi humwita shosho, yaani nyanya, kama wanavyomwita watoto wangu na kama anavyomwita mtaa mzima, pamoja na jirani ambaye naye si kijana. Shosho alichuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya huku, akaweka akiba kidogo kidogo katika kikundi cha kununua ardhi, na siku ya kura akatia mkono kwenye kofia ya mtu akatoa karatasi yenye namba ya ploti hii. Kile chumba alikijenga kwanza, na watoto wake aliwalea humo. Nyumba kubwa ya mbele ilikuja baadaye sana, kwa jasho la mume wangu na la cherehani yangu. Ilipokamilika tulimwandalia shosho chumba chenye vigae na dirisha la jua la asubuhi. Alikisifu sana. Kisha akatia ndani yake magunia yake ya mahindi, akarudi kwake.

Kati ya chumba chake na ploti ya jirani kuna mstari wa matoka. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa, lakini wengine huenda hawajui: itoka ni ua lenye majani marefu mazito, na Wakikuyu hulipanda kwenye mpaka wa shamba. Jua liwake, moto upite, litachipuka tena pale pale. Na haling'olewi. Kuna watu wanaoweza kukuibia kuku mchana, lakini itoka lako hawatalisogeza hata ukiwalipa. Matoka ya shosho aliyapanda mwenyewe, mwaka ule ule aliopata ploti, na mstari wake ulikuwa umenyooka kuliko pindo nyingi ninazoziona sokoni.

Tulijua kwamba jirani anachimba msingi. Hatukujua kwamba anachimba kwenda chini namna ile. Mwanzoni tuliona tingatinga lote, baadaye tukaona nusu, baadaye tukaona paa tu, na mwishowe tukawa tunalisikia likinguruma huko chini bila kuliona. Fundi wao akaniambia kwa fahari kwamba ghorofa itakuwa na parking ya chini kwa chini, kama za Nairobi. Nilichukua futikamba yangu ya kupimia madirisha nikapima kutoka ukuta wa shosho hadi ukingo wa shimo. Nilipomaliza nikapima tena, kwa sababu jibu sikulipenda. Shimo lilikuwa limefuata matoka kwa upande wa nje, kwa adabu kubwa, hakuna hata jani lililokatwa. Lakini kati ya matoka na ukuta wa shosho kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja kupita na ndoo, tena awe mwembamba.

Kitu cha kwanza kutukimbia kilikuwa maji. Tuna kisima kidogo uani, kwa sababu maji ya mfereji huja siku yanapojisikia, na kisima kile hakikuwa kimewahi kutuangusha. Siku hiyo nikateremsha ndoo, nikateremsha, mpaka ikagonga mawe. Nikaivuta ikiwa na tope na chura mmoja aliyeonekana kushangaa kama mimi. Nikaenda ukingoni nikachungulia. Huko chini, kwenye ukuta wa udongo mwekundu wa upande wetu, maji yalikuwa yakichuruzika safi kabisa na kukusanyika katika dimbwi. Mfanyakazi mmoja alikuwa amekunja suruali ananawa miguu kwa raha zake. Kando yake pampu ilikuwa ikiyavuta na kuyamwaga barabarani.

"Hayo ni maji yangu!" nikamwambia kutoka juu.

Akatazama huku na huku, kisha akatazama juu. "Gani, mathe?"

"Hayo unaoga nayo!"

"Haya yametoka kwa ukuta," akasema, akaendelea kunawa.

Kitu cha pili kilikuwa ufa. Ulianzia kwenye pembe ya dirisha la shosho, mwembamba kama uzi, ukashuka hadi sakafuni. Tulimwita fundi akabandika kipande cha kioo juu yake kwa saruji. Akatueleza kwamba kioo kikikaa kizima, ukuta umetulia, na kikipasuka, ukuta unatembea. Wiki haikuisha kabla kioo hakijawa vipande viwili. Ukingo nao ukaanza kumeguka, leo udongo wa kujaza karai, kesho wa kujaza toroli. Itoka moja la mwisho wa mstari likabaki linaning'inia, mizizi nje.

Habari za mapazia ziliniishia hapo. Siku hiyo hiyo tulimwendea shosho, mimi na mume wangu, tukamwomba ahamie nyumba ya mbele.

"Nihamie kwa nani?" akauliza.

"Kwetu, shosho. Si ni hapo tu?"

"Hapo ni kwenu. Hapa ndio kwangu."

Mume wangu akajaribu kuwa mkali, kazi asiyoiweza. Akamwambia kuwa udongo unaanguka, kwamba usiku mmoja atajikuta kwenye parking ya watu na kitanda chake. Shosho alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua macho. "Mkitaka kunitoa hapa," akasema, "mtanitoa nikiwa nimelala." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ambayo haipungui.

Niliogopa, na nitaeleza kwa nini. Nimewaona wazee wa umri wake wakitolewa kwenye vyumba vyao kwa upendo mkubwa na kupelekwa kwa watoto wao, mitaa ya Landless, Gitothua, kila mahali. Wanapewa kitanda kizuri na televisheni. Kabla ya mwaka kwisha wanakaa kitini wakitazama mlango na kuuliza watarudi nyumbani lini. Hata anayehamia mlango wa pili huwa hivyo, maana kinachowaumiza si mwendo, ni kutoka kwao. Kama chumba kile kingeanguka, hata kikianguka mchana shosho akiwa sokoni, nilijua kwamba tungempoteza.

Nikafunga leso kiunoni nikashuka kwa jirani. Nilimkuta amesimama kando ya lundo la kokoto.

"Jirani, chumba cha shosho kinaanguka."

Akavua kofia. "Mama, nimeona. Hata mimi usingizi siupati."

"Usingizi wako si shida yangu. Udongo ndio shida."

"Lakini mama, mimi nimechimba kwangu. Yale maua sijagusa. Nilisimama hapa mwenyewe nikimwambia dereva asiguse."

"Maua hukugusa, lakini umeyaondolea udongo chini ya miguu!"

"Ukuta wa zege unakuja. Ni vyuma tu vimechelewa."

"Na mvua ikija kabla ya vyuma?"

Akatazama mbingu, akafikiri. "Tuombe Mungu."

"Wewe omba," nikamwambia. "Mimi naenda kwa wakili."

Wakili niliyekuwa nikimtaja ni wa kanisa letu. Ofisi yake iko Thika, na mimi ndiye niliyemshonea mapazia. Kwenda kwa wakili na shida ni jambo moja, tena la kulipia, na kwenda kwake na futikamba ni jambo jingine kabisa, hivyo nilifika nikisema nimekuja kuangalia kama pazia la kushoto limepanda baada ya kufuliwa. Nikiwa juu ya kiti, nimeshika pindo, nikamsimulia mambo ya shimo.

Alinisikiliza vizuri. "Ardhi yako ina haki ya kuegemea ardhi ya jirani," akasema. "Vile Mungu aliiumba, kipande kimoja kinashikilia kingine. Jirani akichimba kwake mpaka yako iporomoke, ako na makosa, hata kama hajavuka mpaka."

Nilitaka kushuka kwenye kiti nimshike mkono.

"Ila hiyo ni ardhi," akaendelea. "Nyumba ni story ingine. Jirani atauliza, je, huo udongo ungeanguka kama hakungekuwa na nyumba juu yake? Ama ni uzito wa nyumba umeusukuma?"

"Uzito gani? Ni chumba kimoja! Na shosho mwenyewe ukimweka kwa mizani ya mboga atarudishiwa chenji."

Akacheka. Nikamuuliza kuhusu maji. Akasema maji yanayopita chini ya ardhi si ya mwenye ploti, si yangu wala ya jirani, ni ya serikali, na anayeyachota hutakiwa kuwa na kibali. "Wewe kisima chako kiko na kibali?"

Nikaligeukia pazia, nikalivuta kidogo, nikasema kweli limepanda.

Alinishauri jambo moja kabla sijaondoka: nimlete mpima ardhi aonyeshe mpaka ulipo hasa, maana kila kitu kingetegemea hapo. Niliona kama kazi bure. Mpaka ulikuwa na maua juu yake, kipofu angeupata. Lakini nikampata mpima ardhi, akaja Jumamosi na chombo chake cha miguu mitatu na msaidizi wa kushika fimbo. Jirani naye akaja, kofia mkononi. Mume wangu alikuwa ametoka zamu ya kiwanda na alikuwa anasinzia wima. Shosho aliketi kwenye kigoda mlangoni pake, akatazama kila kitu.

Mpima ardhi akaipata bikoni ya upande wa barabara, kigingi cha chuma ndani ya saruji, chini ya majani. Kutoka hapo akaanza kupima kuja nyuma. Alikuja akikaribia matoka. Akayafikia. Akayapita. Nilidhani amesahau kusimama. Akaenda mpaka ukingoni kabisa, akatazama mashine yake, akanyoosha fimbo mbele juu ya shimo.

"Bikoni ya pili ilikuwa hapa," akasema, akiwa anaelekeza hewani.

Hakuna aliyemwelewa, hivyo akaeleza tena polepole. Mpaka haukuwa kwenye matoka. Ulikuwa mbele yake, hatua kadhaa za mtu mzima upande wa jirani, kwa upana wote wa ploti. Matoka yalikuwa yamepandwa ndani ya ardhi yetu. Kwa hivyo tingatinga lilipoyafuata kwa adabu kubwa, lilikuwa limechimba na kubeba ukanda wetu wote wa ile sehemu. Kwa sheria tulikuwa tunamiliki hewa, na chini ya hewa hiyo kulikuwa na dimbwi lenye maji ya serikali.

Jirani aliketi juu ya jiwe, uso umempotea. "Lakini shosho mwenyewe ndiye aliniambia," akasema. Akatugeukia sisi wote, kana kwamba tulikuwa korti tayari. "Nilipokuja hapa sikuyajua haya maua. Kwetu mpaka ni miti. Nikamuuliza, shosho, hii ni nini? Akaniambia, huu ndio mpaka, usiwahi kung'oa. Mimi sijawahi kulima hata karibu. Watoto wangu nimewachapa kwa sababu ya haya maua."

Tukamgeukia shosho.

"Ni kweli," akasema. "Nilimwambia." Akainuka, akaingia ndani kuangalia sufuria yake.

Sitajifanya mtakatifu. Nilisikia utamu. Huruma niliyokuwa nayo kwa jirani ilikauka upesi kuliko kisima, na nikaanza kuiona kesi yote mbele yangu kama kitambaa kilichokwisha kukatwa. Haya mambo ya kuegemea, sijui uzito wa nyumba, hatungeyahitaji tena. Mtu alikuwa amechimba shimo kwangu. Nikampigia wakili simu pale pale, nikitembea uani huku na huko ili kila mtu anisikie.

"Sasa hiyo ni maneno ingine," wakili akasema. "Hapo amevamia. Hapo unashinda."

"Tunaanza lini?"

"Hata Jumatatu. Tunaenda korti ya ardhi hapa Thika, kwanza tunaomba amri ya kusimamisha ujenzi. Hakuna mtu kugusa kitu mpaka kesi isikizwe."

"Vizuri sana."

"Hakuna tingatinga, hakuna fundi, hakuna nini."

Nikasimama. "Na ule ukuta wa kuzuia udongo?"

"Huo pia ni ujenzi, mama."

"Kwa hivyo shimo litakaa hivyo hivyo?"

"Mpaka kesi iishe. Tunaweza kujaribu kuomba aruhusiwe ukuta peke yake, lakini hata hiyo lazima isikizwe, na wakili wake ajibu, na tarehe ipatikane."

Nikamuuliza kesi kama hizo huchukua muda gani. Alicheka tu, na mimi nimeishi Kenya muda wa kutosha kuelewa kicheko kile. Juu yetu mawingu yalikuwa yanajikusanya, kama yalivyokuwa yakifanya kila alasiri wiki ile. Nilitazama ukingo, nikatazama ufa, na utamu ukaanza kunichachia mdomoni. Ningeweza kurudishiwa ukanda wetu, au ningeweza kupata ukuta kabla ya masika. Vyote viwili havikuwezekana.

Mume wangu alisema maneno machache, kama kawaida yake. "Hatimiliki ni ya mama. Tumuulize mama."

Jioni tukaenda kwake, na jirani tukamwita. Chumba cha shosho hakitoshi watu wanne, kwa hivyo jirani alikaa kwenye ukingo wa kitanda, magoti karibu na kidevu. Nikaongea mimi. Nilieleza kila kitu, haki yetu, uvamizi, korti, nikasema pia habari za ukuta na mvua, kwa sauti ndogo kidogo. Nikasema pengine tungeweza kuchukua hatua za kisheria na wakati huo huo shosho akakaa mbele kwa muda, kwa muda tu.

"Umemaliza?" shosho akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya. Wakati nilipata hii ploti nilikuwa mwanamke peke yangu na watoto. Baba yao alikuwa ameshaenda. Hapo chini kulikuwa na mwenyewe mwingine, kabla ya huyu. Hapo juu kulikuwa na mwingine. Wanaume wote. Kila jioni wanakuja wanapima na miguu. Huyu anasema umekula yangu, huyu anasema wewe ndio umekula yangu. Siku moja walikatana na panga, kwa sababu ya mahali pa kuweka mguu." Alionyesha mguu wake mwenyewe, mdogo, ndani ya ndara. "Nikaona, mimi hii siwezi. Watanimaliza na watoto. Kwa hivyo nikarudi nyuma. Nikapanda matoka mahali hakuna mtu angekuja kuniuliza kitu. Ile ingine nikawaachia. Na hakuna mtu alikuja. Nikajenga hapa, nikafunga mlango, nikalala."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye ni mmoja wa wale watoto, na hakuwahi kuyasikia maneno hayo.

"Kwa hivyo unamwachia?" nikauliza, kwa sababu mtu fulani alipaswa kuuliza.

"Nilimwachia kitambo. Ni yeye tu hakuwa anajua." Akamgeukia jirani. "Sasa nikuambie nini, ati nilikudanganya? Mpaka nilikuonyesha na mkono wangu. Wewe jenga huo ukuta. Uanze kesho, uache kungoja ngoja. Na uujenge vizuri, maana mimi ndio nakaa hapo juu."

Jirani akasema, "Shosho, nitajenga kama wa nyumba yangu."

"Si ni wa nyumba yako?" shosho akamuuliza.

Nilikasirika, na hasira yangu haikujua iende wapi. Nilitoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Ardhi ya Ruiru siku hizi watu wanaiuza kwa kipande cha kuweka kiti, na sisi tulikuwa tunagawa ukanda mzima kwa sababu ya neno lililosemwa kati ya mistari ya mahindi. Lakini nikiwa pale kwenye karo nilianza kumwona mwanamke wa umri mdogo kuliko wangu wa leo, jembe mkononi, akitazama kigingi cha chuma ambacho ni haki yake kabisa, kisha akirudi nyuma hatua kadhaa na kuinama kupanda. Mimi ningepanda juu ya kigingi. Ningepigana. Na pengine mume wangu asingekuwepo wa kunioa.

Wakili alitikisa kichwa lakini akaandika makubaliano. Ukanda wa nje ya matoka uwe wa jirani. Yeye ajenge ukuta mara moja, na ukuta uwe na matundu ya kutolea maji, maana maji yakifungiwa nyuma ya ukuta huusukuma mpaka uanguke. Maji hayo yakusanywe kwenye tangi huko chini, na pampu ile ile iliyokuwa ikiyamwaga barabarani iyarudishe juu kwetu, wapangaji wachote na sisi tuchote. Kuhusu kibali cha serikali tulikubaliana tukiombe pamoja. Karatasi za kuhamisha ule ukanda bado zinazunguka maofisini, na sina haraka nazo.

Kesho yake baada ya maneno ya shosho vyuma vikaja. Sijui vilitoka wapi, ila vilikuja. Mafundi waliusimika kwanza msitu wa nguzo za mkaratusi kuegemeza udongo, kisha wakajenga ukuta kwa vipande, wakijenga kimoja na kuruka kimoja, ili udongo usikose pa kuegemea hata siku moja. Jirani mwenyewe alikuwa akibeba kokoto, na mgongo wake si wa kubeba kokoto. Mimi nikawa nawapelekea uji na mandazi asubuhi, kwa sababu fundi mwenye njaa hukunja vyuma polepole. Kila siku niliwauliza maswali mengi mpaka msimamizi wao akaniuliza kama nataka kuajiriwa.

Kipande cha mwisho kilimwagwa zege mwishoni mwa wiki ya pili, na siku chache baadaye masika yakafunguka. Hayakuanza kwa manyunyu. Yalianza kama mtu aliyekuwa amezuiliwa mlangoni. Jioni hiyo mume wangu alikuwa zamu Thika, nami nikaenda kwa shosho na mwavuli nikamsihi alale mbele, siku moja tu, zege bado ni changa. Akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilitoka na viatu vya mpira vya mume wangu nikaenda nyuma ya chumba, nikipita ule upenyo wa ndoo. Nikachungulia chini. Jirani alikuwa tayari yuko huko, koti la mvua juu ya pajama, anaangalia juu. Kila tundu la ukuta lilikuwa linatema maji kwa nguvu. Ukuta wenyewe ulikuwa umesimama kimya.

"Umekuja saa ngapi?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Giza lilikuwa."

"Unaonaje?"

"Naona unashika." Akafuta uso. "Na wewe huko juu unaonaje?"

Kabla sijajibu dirisha la shosho likafunguka. "Nyinyi wawili mnaangalia nini huko?"

"Ukuta, shosho," tukajibu pamoja, kama watoto wa shule.

"Mkiuangalia ndio utasimama? Ingieni ndani, mtashikwa na homa."

Jirani akazunguka kwa barabara akaja kupitia geti letu, maji yakimtiririka. Ndani palikuwa pakavu na pana joto. Jiko lilikuwa limewaka, chai imeshatiwa majani, kitanda kimetandikwa, na shosho alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri usiku kucha. Akalalamika kwamba tunamchafulia sakafu. Jirani aliuendea ufa, akaweka kiganja juu yake. Haukuwa umeongezeka.

Hapo ndipo nikaanza kulia. Mimi si mtu wa kulia, na nilikuwa nimeikosa kesi pekee maishani mwangu ambayo ningeishinda. Nililia kwa kwikwi, viatu vya mpira miguuni, mwavuli bado umefunguka mkononi.

Shosho akanitazama, kikombe mkononi. "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, shosho."

"Basi kunywa chai," akasema, akanipa.